Kibanda Kina Viti Viwili: Mwongozo wa Kujuana Kikazi kwa Mfasiri na Mkalimani

Saa mbili usiku, umemaliza kula, simu inaita. Anayepiga ni mkalimani uliyekutana naye mara moja tu, mwaka juzi, kwenye warsha moja Morogoro. Leo hana nafasi ya salamu ndefu: "Kesho uko wapi? Mwenzangu amepandisha homa na mkutano unaanza saa tatu asubuhi." Unauliza mada. Bima ya mazao. Unaomba hotuba za wasemaji, anakutumia palepale. Unalala saa saba usiku, na asubuhi saa mbili na nusu umo kibandani, hedifoni masikioni, unajaribu kukumbuka kama umekunywa chai.

Kazi yangu ya kwanza ya ukalimani wa maana niliipata hivyo. Sikuwa hodari kuliko wenzangu wa Dar es Salaam. Wapo walionizidi wakati ule na wanaonizidi hadi leo. Ila namba yangu ilikuwamo kwenye simu ya yule dada aliyenipigia, ikiwa na jina na kazi ninayoifanya, na yeye alikumbuka kwamba kule Morogoro nilifika ukumbini kabla ya waandaaji. Hayo mawili yalitosha.

Nawaandikia wafasiri, wakalimani na wahariri wa Kiswahili wanaoanza, hasa wale wanaotuma wasifu wao kwa mashirika 40 kwa siku moja na kungoja majibu yasiyokuja. Mwenye fani nyingine achukue kinachomfaa.

Kwanza tulioshe neno lenyewe, kujuana, maana limechafuka. Ukisema fulani amepata kazi kwa kujuana, umemtukana yeye na aliyempa. Watanzania tumeupa mchezo huo jina la kejeli, undugunaizesheni, na kila mtu analielewa bila kamusi. Lakini mjomba akikuingiza ofisini kwa kazi usiyoiweza, atakuficha nyuma ya meza miaka kumi. Mwenzako wa kibandani akikuita nawe ukashindwa, anaaibika dakika hiyohiyo, mbele ya wajumbe 200 wanaogeuka kutazama kioo cha kibanda. Kwa sababu hiyo hakuna anayemwita asiyemwamini, awe nduguye au asiwe. Kujuana ninakokusema hapa ni kule kwa watu walioiona kazi yako.

Mshindani wako ndiye mteja wako

Anayeanza huwaza wizara, mashirika na makampuni. Wenzake wa fani anawaona kama watu wanaogombea sahani moja naye. Hapo ndipo anapopotea, na ili uone kwa nini, tazama kazi yenyewe inavyofanyika.

Kukalimani papo kwa papo kunachosha akili haraka mno. Ndiyo maana wakalimani hukaa wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi. Anayepumzika naye hapumziki: anamwandikia mwenzake tarakimu, anamtafutia istilahi, anamsogezea karatasi yenye jina la waziri kabla hajalikosea. Mtu mmoja hawezi kuichukua kazi ya siku nzima peke yake, hata awe gwiji. Kila mwenye mkataba anahitaji mwenzake. Chukua mkutano wa lugha nne, Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, kama zilivyo lugha rasmi za SADC tangu wakuu wa jumuiya hiyo walipokiongeza Kiswahili walipokutana Dar es Salaam Agosti 2019. Vibanda vinne, watu 8. Mratibu wa mkutano hawajui watu 8. Anamjua mmoja, pengine wawili, na hao ndio wanaoshika simu kuwatafuta waliobaki.

Kwenye tafsiri ya maandishi hesabu ni ileile kwa sura nyingine. Mfasiri makini hutoa maneno 2,000 hivi kwa siku, akisukumwa sana 2,500. Ikija ripoti ya maneno 40,000 inayotakiwa baada ya siku tano, anahitaji wenzake watatu. Juu ya hapo, kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinadai kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, si yule aliyeitafsiri. Kampuni zinazokifuata haziwezi kumlipa mtu mmoja na kumaliza. Mtu wa pili anatoka wapi? Mara nyingi yule wa kwanza ndiye anayeulizwa: "Una mtu wa kuipitia?"

Kwa hiyo ukiwa na saa mbili kwa wiki za kutafuta kazi, saa moja na nusu ziweke kwa watu wa fani yako. Nusu saa iliyobaki wape wateja.

Ila mwenzako hawezi kukuita kama hajui akuitie nini. "Natafsiri kila kitu" ni sentensi inayosahaulika kabla chai haijapoa. Sema lugha zako na mada mbili: Kiswahili na Kifaransa, afya na lishe. Chagua mada uliyoiishi. Kama ulisoma sheria ukaishia kwenye lugha, sema hivyo kwa sauti, kwa sababu tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na watu wanaojua lugha na sheria kwa pamoja bado ni wa kutafutwa kwa tochi. Kama ulikulia kwenye shamba la kahawa Mbinga, hilo nalo ni sifa ya kikazi. Aliyesoma kilimo kwenye makaratasi hajui wakulima wanaitaje buni iliyooza.

Habari hutoka kwa watu wa mbali

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala juu ya nguvu ya mahusiano legelege. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua walikuwa wakikutana naye mara ngapi wakati huo. Katika watu 54, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimwona mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra, yaani mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Ukikaa ukafikiri, utaona hakuna mwujiza. Rafiki zako wanajua unachokijua. Mliosoma pamoja chuoni Mlimani mko kwenye kundi moja la WhatsApp, mnapata tangazo lilelile kwa saa ileile na mnaomba kazi ileile. Yule mnayeonana kwenye misiba na harusi tu anaishi kwenye mkondo mwingine wa habari. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano, nao uliongeza jambo: waliosaidia zaidi hawakuwa wageni kabisa. Walikuwa watu wa katikati, wenye marafiki kadhaa wa pamoja na mtafuta kazi, ila si wa kundi lake la ndani.

Kwa mfasiri, mtu wa katikati ni nani? Mwalimu aliyekufundisha fonolojia. Muuguzi mliyepanga naye nyumba moja Sinza. Mwanafunzi wa sheria wa chumba cha jirani ambaye sasa ni wakili na ana mikataba ya lugha mbili mezani. Na usimsahau mfasiri wa Goma au Lubumbashi. Kampuni za nje, hasa zinazohudumia Wakongo waliopokewa Marekani kama wakimbizi, huulizia Kiswahili cha Kongo kama kazi ya peke yake, na zina haki: mgonjwa wa Bukavu hazungumzi kama mimi, nami nikijifanya naweza nitamhatarisha. Nikipata kazi hiyo, humpelekea mtu wa huko. Naye ikimjia kazi inayotaka Kiswahili cha pwani au cha serikali ya Tanzania, anajua aipeleke wapi. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Tulifahamiana kwa kubishana mtandaoni juu ya neno moja la ugonjwa wa ngozi.

Mikutano: kabla, ukumbini, na siku ya pili

Mikutano yetu haijifichi. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO Novemba 2021. Tarehe yenyewe inarudi nyuma hadi kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Kwa Dar es Salaam siku hiyo inaangukia katikati ya Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, na nashangaa wafasiri wanavyokwenda kwenye makongamano ya asubuhi wakavipita mchana vibanda vya wafanyabiashara wa nje ambao vipeperushi vyao vina Kiswahili cha kusikitisha. Chukua kipeperushi kimoja, sahihisha kwa kalamu, mrudishie mwenyewe kwa adabu pamoja na namba yako. Wengine watakushukuru tu. Mmoja atakuuliza bei.

Kuna makongamano ya vyama vya Kiswahili: ya CHAUKIDU, ya CHAKITA kule Kenya, na ya CHAWAKAMA kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Kama jina lako halimo, hiyo ni kazi ya kesho asubuhi. Zanzibar kuna baraza lake, BAKIZA, na makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Arusha ina Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kila inapokutana taasisi kubwa namna hiyo kuna mtu anatafuta mkalimani na hasemi.

Kabla hujaenda, soma ratiba. Chagua watu watatu, watatu tu, na usome walichokiandika. Nenda na swali la kweli kwa kila mmoja. Swali la kweli ni lile ambalo jibu lake utalitumia Jumatatu kazini. Mzee wa fani ana sikio la kulitambua. Ukimwuliza kwa kujipendekeza atakujibu kwa kifupi na kutafuta kikombe chake.

Ukumbini, mvunje shetani wa kukaa na uliokuja nao. Nimewaona vijana wanne wametoka Dodoma kwa basi moja, wakakaa meza moja siku tatu, wakarudi kwa basi lilelile. Wameongeza nini? Wakati wa chai shika kikombe chako, nenda kwenye meza usiyoijua, amkia. Mkubwa mpe shikamoo yake kwanza, hata kama nyote mmevaa suti na mkutano unaendeshwa kwa Kiingereza. Mwite kwa heshima aliyoizoea: Profesa, Dokta, Mwalimu. "Mwalimu" haijawahi kumuudhi mtu wa Kiswahili. Kisha sikiliza. Siku ya kwanza usiombe kazi.

Nitakuambia na siri ambayo ilinichukua miaka kuijua: mjue fundi wa sauti. Yule anayefunga vibanda, anayegawa hedifoni mlangoni na kuzihesabu jioni kwa wasiwasi. Yeye yuko kwenye kila mkutano wenye ukalimani mjini, wa kila mwandaaji. Anawasikia wakalimani wote kwenye mitambo yake, anajua nani hupiga kelele, nani huondoka kibandani mwenzake akizungumza, nani huacha kipaza sauti wazi akila korosho. Mwandaaji mpya akikodi vifaa humwuliza yeye kwanza: "Na wakalimani unawajua?" Wengi wetu humpita bila salamu. Jifunze jina lake, rudisha vifaa vyake vikiwa vizima, na umalizapo kazi mwambie sauti ilikuwaje. Mratibu wa ukumbi na msichana wa usajili nao wana majina.

Kadi za biashara chapisha, lakini usizigawe kama karata. Bora zaidi, mkubaliane mtu akupigie palepale namba yako ibaki kwake. Kisha, kabla hujarudi kitini, andika kwenye simu mambo matatu: lugha yake, mahali, na kitu kimoja mlichozungumza. Kwenye simu yangu kuna mtu anayeitwa "Kifaransa Arusha mkutano wa nyuki." Jina lake halisi nimeshaliongeza, lakini ni nyuki wanaonifanya nimkumbuke.

Siku ya pili, au ya tatu ukichelewa sana, tuma ulichoahidi: makala, kiungo, orodha ya istilahi. Kama hukuahidi kitu, tuma sentensi mbili za kumkumbusha. Baada ya wiki sura imeshafutika, nawe unakuwa namba ngeni inayosema "umenisahau?" Swali hilo lina jibu moja tu la kweli, na ni la aibu kwa wote wawili.

Mtandaoni

LinkedIn ilifunguliwa mwaka 2003, na ProZ, tovuti ya wafasiri, mwaka 1999, na bado wafasiri wetu wengi wana kurasa huko zenye picha ya harusi na mstari unaosema wanatafuta fursa. Mstari ule wa chini ya jina lako ndio unaosomwa na mtu anayepekua majina 60. Andika lugha, mada, na kama ni tafsiri, ukalimani au uhariri. Picha iwe ya uso wako, peke yako.

Usiweke semi za hekima na machweo ya jua. Mara moja kwa wiki, au hata kwa mwezi, andika tatizo moja la lugha ulilokutana nalo na ulivyolitatua. Wakati wa sensa ya Tanzania ya 2022 neno kishikwambi (tablet) lilitoka kwenye makaratasi ya wataalamu likaingia vijiweni, na mjadala wake ulikuwa mtamu: wako waliolicheka, wako waliolitetea. Mfasiri aliyeandika aya tatu siku zile akieleza kwa nini alilitumia au alilikataa alijulikana na watu wengi kuliko aliyetuma maombi mia ya urafiki. Usitaje mteja, usinukuu waraka wake. Tatizo la neno ni lako; waraka ni wake.

Kwenye ProZ kuna kitu kinachoitwa Blue Board, ambako wafasiri huandika kampuni gani hulipa na ipi huchelewesha. Isome kabla hujakubali kazi yoyote kutoka kwa kampuni usiyoijua. Na kama huna cha kuonyesha bado, jumuiya ya Translators without Borders hupokea wafasiri wa kujitolea na Kiswahili kimo. Jiwekee mpaka, tuseme maneno 10,000, kisha acha au punguza. Kujitolea kusikokuwa na mwisho ni ajira bila mshahara.

Sasa WhatsApp, ambako ndiko tunakoishi. Makundi ya fani yamejaa picha za maua za asubuhi, mahubiri, na michango ya msiba; sisemi vibaya, msiba ni wetu sote. Lakini ndani yake, mara mbili kwa siku, kuna mtu anauliza: "Jamani, hili neno kwa Kiswahili?" Hapo ndipo mahali pako. Jibu, taja ulikolitoa, eleza shaka uliyonayo. Usijibu kwa kejeli, na usitume jibu la mashine ukalifanya lako, wenzako watalitambua kwa harufu. Mtu anayejibu vizuri kwa miezi sita hana haja ya kujitangaza. Watu 300 wamekwisha kumpima.

Tafadhali, acha kumtumia mtu "Mambo" na kunyamaza. Unamlazimisha aseme poa, kisha uulize za siku nyingi, kisha watoto, kisha ndiyo tujue ulitaka nini, na katikati yeye ana tafsiri ya saa kumi jioni. Salamu ni wajibu; iambatanishe na haja yako kwenye ujumbe mmoja. Kama hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Tulikaa meza moja Dodoma mwezi wa tano, kwenye warsha ya istilahi za afya. Ulitueleza kwa nini Kenya husema mkurupuko pale sisi tunaposema mlipuko wa ugonjwa. Sasa natafsiri mwongozo wa chanjo, kurasa 60, na nimekwama kwenye maneno mawili, nimeyaandika hapa chini. Naomba dakika kumi za simu wiki hii, siku na saa utakayopanga wewe. Ukiwa umebanwa nitaelewa, nitakutafuta mwezi ujao."

Angalia kilichomo: amekumbushwa, ameombwa kitu kidogo chenye mwisho, na ameachiwa mlango wa kutokea bila kukosana. Hujaomba "unisaidie kikazi", maneno ambayo hayana pa kushikia. Kazi ikiisha, rudi umwambie: lile neno lako tulilitumia, mteja alilikubali. Katika watu kumi niliowahi kuwasaidia, wanaorudi kunipa habari hiyo ni mmoja au wawili, na majina yao ndiyo yanayonijia nikiulizwa nani anafaa.

Uaminifu una bei

Nirudi kwa yule dada wa bima ya mazao, maana sikumaliza. Wakati wa chai siku ile ya kwanza, ofisa mmoja wa waandaaji alinifuata, akanisifu, akaomba namba yangu kwa mikutano ijayo. Nilitoa kadi yangu kwa furaha. Dada alikuwa hatua tatu nyuma yangu, ameshika sambusa, hakusema neno.

Hakunipigia tena kwa miaka miwili.

Sikujua kosa langu mpaka mkalimani mwingine aliponieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. Aliyekuleta kazini ndiye mwenye mteja. Mteja akikuomba namba, unampa ya aliyekuleta, au unamwambia, "Nitafurahi, lakini mpitie fulani, yeye ndiye anayetupanga." Hakuna aliyeliandika popote, na kila mmoja analijua isipokuwa anayeanza. Nilimwandikia dada nikamwomba radhi bila kujieleza sana, na kazi iliyofuata kunijia ambayo ilihitaji watu wawili nilimpelekea yeye kwanza. Alijibu neno moja: "Sawa." Baada ya mwezi alipiga.

Kwa hiyo: usimchukulie mwenzako mteja, wala usishushe bei chini ya ile aliyokubaliana naye. Ukimpa mtu kazi, iangalie kabla haijatoka, kwa sababu jina lako ndilo lililoifungua njia. Ukiona huiwezi, sema mapema na taja mtu anayeiweza. Mteja atakurudia wewe. Suala la cha juu linagawa watu. Wapo wanaokata asilimia kumi kwa kila kazi wanayoipitisha, na kama kuna kazi ya uratibu, kupokea malipo, kupitia tafsiri, wana haki. Ninachokipinga ni kukata kimyakimya. Sema kabla kazi haijaanza, kwa tarakimu. Mimi kwa kupiga simu moja tu sikati kitu.

Na ukipokea malipo ya wenzako, walipe siku hiyohiyo. Nimejua wakalimani wenye sauti nzuri na Kiingereza cha kupendeza ambao hawaitwi na mtu kwa sababu fedha za watu zilikaa kwao wiki tatu.

Matapeli

Wizi unaotupata zaidi wafasiri ni wa wasifu. Mtu anakuandikia kama kampuni, anaomba wasifu wako, anabadilisha anwani ya barua pepe na kuutuma kwa kampuni za kweli kwa jina lako. Anapata kazi, anaipitisha kwenye mashine, analipwa, na lawama zinabaki kwa jina lako. Usiweke wasifu kamili mtandaoni kwa kila mpita njia. Weka muhtasari, na ule mrefu mpe aliyejitambulisha kwa anwani ya kampuni yake, si ya bure. Mwingine atakutumia hundi iliyozidi malipo mliyokubaliana na kukuomba urudishe chenji. Hundi itakataliwa benki ukiwa umeshaituma chenji hiyo kutoka mfukoni mwako.

Namba za watu pia zitunze. Mtu akikuomba namba ya mkalimani fulani, mwulize mwenyewe kwanza. Ni dakika mbili. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria hizo ilikuwa adabu.

Jioni ya leo, badala ya kutuma wasifu wa 41, fungua majina kwenye simu yako. Tafuta watatu mliofahamiana kikazi na mkapotezana zaidi ya mwaka. Mmoja mpe habari ya kongamano, mmoja mrudishie jibu la kitu alichowahi kukusaidia, mmoja mwulize neno linalokusumbua. Fanya hivyo kila mwezi, watatu wengine. Na wewe uliye na namba yangu, iandike vizuri: Kiswahili na Kiingereza, kilimo na bima, Dar es Salaam. Usiku wa saa mbili huwa napokea.